Jalebi za Kupeleka Machimboni

Shinyanga, nyuma ya mlango uliofungwa

Kabla sijaona chochote, nilisikia karai. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, maduka yote ya upande ule yalikuwa giza, na nyuma ya mlango wa mbao uliofungwa uji wa unga ulikuwa ukichuruzika kwenye samli ya moto: chwaa, kimya kidogo, chwaa, kimya kidogo. Nilisimama barabarani na hotipoti ya mama kifuani nikausikiliza mlio ule kama mtu anayesikiliza kama jamaa zake ndani wameamka.

Mlioketi nasi mkekani msibani mliniuliza, kila mmoja kwa wakati wake na kwa sauti ya chini, kaka yangu Masanja alikuwa wapi mama alipokuwa akizikwa. Nilisema yuko mbali. Mkaniuliza kama alijua mama ni mgonjwa. Nikasema nilikwenda kumwita. Hapo mlinyamaza kwa heshima, na mimi nikanyamaza kwa kuchoka. Sasa nimepumzika kiasi, na nimeona ni haki niwaeleze safari ile ilivyokuwa, tangu mlangoni kwa Mama Hansa.

Mnaotoka Shinyanga mnalijua duka lake. Babu yake alikuja kutoka Gujarat, kule India, yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake ni kizuri kuliko changu. Mama yetu alimpelekea maziwa miaka yote ya utoto wetu. Kila asubuhi ndoo, na maziwa yale yalichemshwa na kukorogwa hadi yakawa mazito, yakatiwa sukari na iliki, yakamwagwa kwenye sinia na kukatwa vipande vyeupe vya barfi. Sisi watoto tulipewa jalebi zilizovunjika, zimefungwa kwenye gazeti. Masanja alikuwa na tabia ya kulamba gazeti baadaye, hata wino ukabaki kwenye ulimi wake.

"Mwangaluka, Limi," Mama Hansa alisema aliponifungulia. "Ingia. Mama amelala vipi?"

"Amelala kwa shida. Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa hapo karibu na moto."

Ndani kulikuwa na taa moja ya kuchaji, na mwanga wake uliangukia karai peke yake. Alishika kitambaa kilichofungwa kama kifuko, chenye tundu dogo chini, akakikamua huku mkono ukizunguka, na kwenye samli zikazaliwa duara ndani ya duara. Zikavimba, zikawa rangi ya asali. Akazigeuza kwa kijiti, akazitoa, akazizamisha kwenye shira yenye zafarani, akazihesabia pumzi tatu au nne, akazitoa tena. Akanipa moja juu ya kipande cha karatasi.

Nitawaambia ukweli, ingawa hadithi yenyewe ni ya huzuni. Jalebi ya moto ni kitu cha kumsahaulisha mtu. Gamba linapasuka mbele ya meno, na ndani kuna shira inayokuja yote kwa mara moja, moto, na nyuma ya utamu kuna uchachu mdogo wa unga uliolala ukiumuka. Nilikula nimesimama. Nilikula ya pili. Kwa muda ule sikuwa na mama anayekufa.

Halafu nikaweka hotipoti mezani, nikasema nina basi la kwanza.

Lazima niwaeleze kuhusu hotipoti hiyo. Ilikuwa nyekundu yenye maua meupe, mama aliipata siku ya harusi ya dada yake mdogo na hakuwahi kuiazima mtu. Hospitali walipomruhusu kurudi nyumbani, na sote tukaelewa maana ya ruhusa ile, alisema jambo moja tu: anataka kumwona Masanja. Masanja aliondoka baada ya kuuza ng'ombe wawili wa maziwa bila kuuliza, akaingia machimboni, akaapa kwamba hatarudi mikono mitupu. Simu alikuwa amekwisha kuacha kupokea. Mama akaniita kitandani.

"Nenda kwa Mama Hansa," aliniambia. "Jaza hotipoti yangu. Umpelekee. Usimbembeleze, usilie mbele yake. Mpe tu."

"Halafu?"

"Halafu nini? Si nimemlea mimi? Anajua."

Nilijua pia. Kwetu chombo cha mtu hakikai kwako, na hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli linarudi na karanga, au na viazi, au angalau na chumvi, na linarudi kwa mkono wa aliyepewa. Mama alikuwa ametega mtego wa mama: hotipoti yake ingekuwa kwa Masanja, na Masanja angelazimika kuirudisha mwenyewe.

Mama Hansa alipoona nataka kufunika jalebi za moto alinipiga kofi mkononi.

"Wewe! Jalebi haifungiwi na moto wake. Inatoka jasho, inalegea kama kitambaa. Unataka Masanja aseme Mama Hansa amezeeka?"

"Basi litaniacha, mama."

"Liache."

Nikasubiri. Akapanga chini barfi, juu yake ladu, zile duara za njano za unga wa dengu, na juu kabisa jalebi zilipopoa, akatandika karatasi kati ya kila tabaka. Basi la kwanza likapita nje, tukalisikia. Hakuinua hata kichwa.

"Mwambie mama yako," alisema alipofunga kifuniko, "maziwa nanunua kwa watu wengine siku hizi, lakini barfi haikubali kukaa vizuri kama zamani. Mwambie hivyo hivyo."

Hadi Kahama

Basi la pili lilikuwa na kiti cha mbele ya mlango, nikaweka hotipoti mapajani. Tinde tulisimama, Isaka tukasimama zaidi, nyuma ya malori yanayokwenda nchi za mbali. Abiria aliyekaa nami, mama mnene aliyevaa kanga mbili, alinusa hewa.

"Umebeba pilau?"

"Hapana mama. Vitamu vya Kihindi."

"Kwa mkwe?"

"Kwa kaka yangu. Yuko machimboni."

Akanitazama kwa upole ambao sikuupenda. "Wangu alikwenda huko pia," alisema, kisha akafungua mfuko wake akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa, pamoja na karanga. Tulikula pamoja. Hakunieleza wa kwake alikuwa nani, wala kama alirudi.

Karibu na mji, Buzwagi, ule mgodi mkubwa wa dhahabu uliofungwa, ilipita dirishani. Vilima vile vilivyojengwa na mashine vimeanza kuota majani. Kondakta alivionyesha kwa kidevu akasema, "Wenyewe walikula, wakafuta midomo, wakaondoka," na basi zima likacheka cheko la watu waliokwisha kuusikia utani huo.

Kahama nilisubiri gari la kuendelea. Dereva alisema tunaondoka sasa hivi, nanyi mnaijua "sasa hivi" ya stendi. Nilipiga simu nyumbani. Dada yangu mdogo alipokea, akasema mama amekunywa maji kidogo na ameuliza kama nimefika. Nikasema mwambie ndiyo, nimekaribia. Mbele yangu mvua ilikuwa imesimama kama ukuta wa kijivu upande ule ule niliokuwa nakwenda.

Segese, watu walioogopa ladu

Mvua ilitukuta kabla ya Segese. Lori lilikuwa limelala ubavu katikati ya njia, matairi ya nyuma kwenye mtaro, na magari yakajipanga huku na huku. Dereva wetu alizima injini, akaegemeza kiti, akafunika uso kwa kofia. Nikaelewa kwamba siku imekatika vipande na kimoja chake nitakiacha pale.

Niliingia kwenye mgahawa wa mabati wa mwanamke aliyeitwa Mama Neema. Chai yake ilikuwa ya tangawizi, na mvua juu ya bati ilitufanya sote tupige kelele. Kwenye benchi la pili alikaa mchimbaji mwenye buti za mpira, mtu mzima, mikono imepauka kwa vumbi la mawe. Nilitaka kuona kama jalebi zimelegea. Nikainua kifuniko, nikatoa tabaka la juu, na ladu zikaonekana, njano, zimepangwa, zinang'aa kwa samli.

Yule bwana akainuka na chai yake, akahamia benchi la mbali.

"Funika hiyo, dada," alisema. "Usiifungue mbele za watu."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi? Aliyekupa hakukupa masharti?"

Mama Neema alikuwa ameacha kukoroga. "Ni dawa ya kuita dhahabu?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeogopa na kutaka kwa pamoja.

"Ni ladu."

"Ndiyo jina lake? Mganga wa wapi?"

"Si mganga. Ni mama wa Kihindi, Shinyanga mjini, anapika."

"Ee!" Mchimbaji akapiga paja. "Wahindi nao wameingia kwenye uganga! Sasa sisi tutapona wapi?"

Nilicheka, nadhani mara ya kwanza tangu mama arudi kutoka hospitali, na kucheka kwangu kukawatia shaka zaidi. Nilieleza: unga wa dengu, samli, sukari, iliki. Mama Neema alisikiliza mikono kiunoni.

"Kama ni chakula, kula wewe kwanza. Tuone."

Nikakata ladu moja katikati, nikala nusu. Walinitazama koo. Sikuanguka, wala sikutokwa na dhahabu masikioni. Mama Neema akachukua nusu ya pili kwa ncha za vidole, akaiweka ulimini, akafumba macho. Ladu nzuri haitafunwi. Inabomoka yenyewe kama udongo mkavu, halafu inayeyuka, na iliki inabaki.

"Hii ni samli ya kweli," alisema, macho bado yamefumba. "Samli ya ng'ombe. Bibi yangu alikuwa anatengeneza." Na hapo hapo, bila sababu niliyoiona, akajifuta machozi kwa upindo wa kitenge. "Ni moshi," alisema.

Mchimbaji akanyoosha mkono. Nikampa moja. Hakuila. Aliifunga kwenye kipande cha mfuko wa sukari, akaitia kwenye mfuko wa shati upande wa moyo.

"Si dawa, baba," nilimwambia.

"Nimekusikia, mwanangu," alijibu kwa adabu, akafunga kifungo.

Lori liliinuliwa jua likiwa limekwisha kupinda sana. Tukaondoka kwenye tope.

Rashi

Sitalitaja jina la machimbo, kwa sababu Masanja aliniomba. Ni moja ya zile rashi zinazozuka wiki moja na kuwa mji wiki ya pili, nyuma ya vilima, kabla hujafika Geita. Nilishushwa njia panda, nikapanda pikipiki hadi mwisho wa njia, halafu nikatembea kati ya vibanda vya turubai na karasha zinazosaga mawe. Mlio wake unaingia mwilini kupitia nyayo. Kila mtu pale ni rangi moja, rangi ya unga wa jiwe, na nilimpita kaka yangu bila kumjua.

Yeye aliijua hotipoti kabla hajanijua mimi.

"Hiyo ni ya mama," alisema nyuma yangu.

Niligeuka. Ndevu zilikuwa zimeota mvi, au vumbi, na macho yalikuwa yameingia ndani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Limi." Hakuniuliza habari za nyumbani. Hotipoti ilikuwa imekwisha kumpa.

Alinipeleka kwenye chumba alichopanga na mwenzake, kuta za mabati, mlango wa bati, kitanda kimoja na godoro moja chini. Mwenzake, Juma, alitoka Kigoma. Alikuwa mwembamba na mwenye maneno.

"Kumbe Masanja ana ndugu!" alisema. "Sisi tulidhani alitoka kwenye duara, tukamkuta chini huko huko na sururu yake." Duara ndilo shimo lao, mnanielewa.

Masanja alinawa mikono muda mrefu, hadi maji yakatoka meupe. Akakaa, akafungua. Jalebi zilikuwa zimepoteza mlio wao; sukari ilikuwa imeganda juu kama ukungu kwenye kioo. Alichukua moja, akaizungusha kidoleni.

"Kwa Mama Hansa," alisema.

"Hakukubali niifunge ikiwa ya moto."

"Hamkubalii mtu yeyote." Akaila taratibu, akifuata duara kuanzia nje kuingia ndani, kama tulivyofanya utotoni. Juma akala barfi, akasema kule kwao Kigoma wana mawese na migebuka, lakini Mungu aliwaficha hii. Akaita majirani. Wakaja wanaume watano, sita, wakanawa, wakapokea kila mmoja kwa mikono miwili, na kwa dakika chache chumba kile kikawa kimya kuliko kanisa. Walikuwa wanakula kitu laini. Niliona ni kwa muda gani hawakuwa wamegusa kitu laini.

Kipande cha mwisho cha barfi Masanja alikishika bila kukila.

"Maziwa haya si yetu," alisema.

"Hapana. Mama Hansa anasema haikai vizuri siku hizi."

"Ng'ombe niliuza mimi."

"Mama amesema nikuambie wale ng'ombe sasa hivi wangeshakuwa wazee, tungewachinja."

Alicheka kwa pua, halafu kikohozi kikamkamata, kirefu, kikavu. Wageni wakaaga mmoja mmoja. Juma akatoka nao.

Mama aliniambia nisimbembeleze. Nikasema tu, "Hawezi kutoka kitandani, kaka. Madaktari wameturudishia."

Akala kile kipande cha barfi. Akatazama chini ya hotipoti, ambako kulikuwa kumebaki makombo na karatasi yenye mafuta.

"Najua," alisema. "Mama hawezi kutoa hotipoti hii kama ana siku nyingi."

Asubuhi

Niliamka nikamkuta ameiosha. Ilikuwa juu ya kigoda, kifuniko pembeni, inakauka. Juma alikuwa amekwisha kutoka. Masanja alikuwa amevaa buti na alikuwa ananimiminia chai.

"Ananitega," alisema. "Anajua siwezi kukaa na chombo chake."

"Basi twende ukakirudishe. Gari lipo asubuhi hii."

"Nikirudishe na nini?"

Niliinuka. Kwenye kona kulikuwa na mfuko wa mchele wao. Nikachota kwa kikombe, nikamimina kwenye hotipoti, kikombe cha pili, cha tatu, nikafunika. "Haya. Si tupu."

Akafunua, akaurudisha mchele kwenye mfuko polepole, akiokota kwa kidole zile punje zilizoangukia sakafuni.

"Mchele wa dukani, Limi? Yeye aliniletea kitu kilichopikwa na mikono anayoijua. Aliwahi kuipa maziwa yake. Mimi nimpelekee mchele wa dukani, baada ya ng'ombe wake?"

"Hataki kitu! Anakutaka wewe."

"Wiki hii tunakata mwamba mgumu. Juma anasema mwamba ukiwa mgumu namna hii, chini yake kuna kitu."

"Wachimbaji wote wanasema hivyo."

"Ndiyo." Alikunywa chai. Halafu akasema jambo ambalo tangu siku ile nimelibeba, na sijui pa kuliweka. "Sikiliza. Unamjua mama. Amewahi kulala chombo chake kikiwa nyumba ya mtu? Usiku wa manane atakumbuka ungo wake uko kwa jirani, ataamka. Basi hotipoti iko kwangu. Nikiirudisha leo, tupu au na mchele, atashukuru, atanishika mkono, na atakuwa hana tena anachosubiri. Ikikaa huku, atasubiri. Mtu anayesubiri chombo chake hafi."

"Kaka, huo si..."

"Hafi, Limi. Nakuambia. Nipe mwezi tu. Nitakuja nayo imejaa."

Nilivunja agizo la mama. Nilimbembeleza, nikalia, nikamshika mkono wa shati. Nilimwambia mwezi hana. Nilimwambia mama aliitoa ile hotipoti ili yeye aje, siyo ili aizuie. Alinisikiliza kwa subira, akinitazama kwa upendo, na nikaona kwamba kwake yeye mimi ndiye niliyekuwa sielewi. Alikuwa ameshika kile chombo kama mtu anayeshika mlango ili upepo usiufunge. Kama ningemnyang'anya, ningekuwa nimemuua mama kwa mkono wangu. Hivyo ndivyo macho yake yalivyoniambia. Sikumnyang'anya.

Nje mtu akagonga bati. "Masanja! Zamu!"

"Nakuja!"

Akachukua hotipoti, akaifunika, akaiweka juu kabisa ya rafu, nyuma ya kofia ya akiba, mahali pasipofikiwa na vumbi. Akavaa taa kichwani. Akaniwekea kiganja juu ya nywele, mara moja, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa darasa la kwanza.

"Maliza chai yako," alisema. "Mwambie bado ninayo."

Akatoka, na mlio wa karasha ukaingia wote kwa pamoja, halafu akauvuta mlango wa bati nyuma yake hadi ukagusa fremu, taratibu, kama mtu anayefunga chumba alicholala mgonjwa.